Kiti Kisichokuwamo Kwenye Orodha

Ukiingia katika ofisi nyingi za serikali hapa Mwanza ukaambiwa karibu kiti, basi jua umekaribishwa juu ya kazi ya mikono yangu. Nina karakana yenye mafundi wengi kuliko wanafunzi niliowakuta darasani nilipoanza shule, na shule yenyewe niliiacha darasa la pili, katikati ya mwaka, upepo ulipoondoka na paa na mwalimu akalifuata. Watu walionisomea barua zamani leo wananiandikia barua, za kuomba niwapunguzie bei. Wakiniuliza nilianzaje, huwaambia nilianza kwa kunyimwa kiti. Wao hudhani natania.

Ilikuwa miaka ile ya kuukaribia Uhuru. Mimi nilikuwa tarishi wa ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, kifua kipana kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa kuli bandarini, nikibeba marobota ya pamba ambayo wenzangu waliyabeba wawili wawili. Kazi ya ofisi ile, kwa asiyejua, ni kuwatia watu wa ofisi nyingine wasiwasi. Wilaya zote zinazolizunguka ziwa zilituletea karatasi. Kila kilichonunuliwa kiwe na karatasi yake, kila karatasi iwe na sahihi yake, na kila sahihi itazamwe na mtu mwenye penseli ya kijani. Kijani ilikuwa yetu peke yetu; hakuna ofisi nyingine iliyoruhusiwa kuigusa. Bwana fedha wa wilaya akiona alama ya kijani kwenye karatasi yake alijisikia kama mtu aliyeamka akakuta nyayo za fisi uani.

Nilipoingia pale niliwakuta watu saba wenye viti. Halafu Uhuru ukaanza kunukia. Mzungu mmoja akaenda likizo kwao asirudi, wa pili akamfuata kwenda kumtafuta naye asirudi. Makarani wawili wakaitwa Dar es Salaam kwenye ofisi kubwa, wa tatu akaona siasa ina hewa nzuri kuliko mafaili. Tukabaki watatu: Bwana Mkubwa mpya, mtu wetu wa Bukoba, msomi, suruali yake imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate, karani mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Mwanza, ambaye alikuwa amekaa ofisini tangu enzi za taa za chemli, na mimi. Watu walipungua, lakini karatasi hakuna aliyezipa habari. Zikaendelea kuja kwa masanduku ya mbao yenye jina la wilaya ubavuni, nyingine kwa meli, nyingine kwa lori kupitia kivuko cha Busisi. Masanduku yakajaa chumbani, yakatoka ukumbini, yakafika mlangoni. Mgeni akija, alikaa juu ya Geita akaweka kofia yake juu ya Maswa.

Sasa nieleze nilichokifanya mimi, maana hapa ndipo akili yangu ilipo. Karani wa masjala, yaani chumba cha majalada, alipoondoka, aliondoka na daftari lake kichwani. Majalada yalikuwa na namba ndefu zenye herufi na mikwaju, za kumchosha hata aliyesoma. Bwana Mkubwa alitafuta jalada moja la Musoma siku mbili, akalikuta mwishoni chini ya birika la chai. Nikamwambia, "Niachie chumba hicho Jumamosi moja." Akaniachia, kwa kukata tamaa.

Mimi herufi ni mlima kwangu, lakini ziwa nalijua. Miaka minne nimepakia na kupakua kwenye meli zilizolizunguka. Basi nikakifanya chumba kuwa ziwa. Dirisha lilitazama kaskazini; hapo nikaiweka Ukerewe. Kulia kwa dirisha, Musoma. Kushoto, mbali kabisa kwenye kona, Bukoba. Mlangoni, nyuma ya mgongo, Kwimba, Maswa na Shinyanga, ambako hakuna maji. Geita nikaiweka ukuta wa kushoto, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kupita katikati, na nafasi hiyo niliiita Busisi: huwezi kufika Geita bila kuvuka. Kisha nikapanga kwa urefu. Magereza chini kabisa, sakafuni. Hospitali juu yake kidogo, usawa wa kitanda. Pamba usawa wa bega, kwa sababu nimeibeba. Shule nikaziweka rafu ya juu kabisa, ambako mimi sikufika.

Tangu siku ile jalada lilichukua muda wa kupiga chafya. Ukisema "hospitali, Ukerewe," nilikuwa nimeshakwenda dirishani nikainama nikarudi, na wewe bado unafunga mdomo. Karani mzee alikuwa ananitazama juu ya miwani yake akisema, "Wewe bwana, siku moja utaleta jalada kabla ya kuagizwa, halafu tutakukagua umejuaje."

Lakini pamoja na yote hayo nilikuwa sina kiti. Kanuni ya serikali ilikuwa kwamba kiti hufuata cheo. Cheo kikiwa hakina mtu, kiti hurudishwa bohari. Karani wa masjala alipoondoka, kiti chake na meza yake vilibebwa na toroli siku hiyo hiyo, na aliyelisukuma ni mimi. Tarishi alikuwa na benchi la ukumbini, benchi lenye mguu mmoja mfupi, ambalo tulikaa pamoja na kila aliyekuja kulalamika. Watu walikuwa wakiniuliza, "Na wewe una kesi gani?"

Jambo hilo lilinikera kuliko kazi. Kazi niliiweza.

Siku moja Bwana Mkubwa akaniita ofisini kwake, akafunga mlango. Akasema, "Nimeandika Dar es Salaam kuomba watu wanne. Kazi ya watu saba haiwezi kufanywa na wawili na nusu."

"Nusu ni nani, Bwana Mkubwa?"

"Usikasirike, ni hesabu tu. Sasa sikiliza. Katika hao wanne, mmoja ni karani wa masjala. Nikipewa nafasi hiyo, nitaandika jina lako. Shule huna, lakini hakuna mwingine anayejua kitu kiko wapi, na mimi nikiulizwa nitasema hivyo."

"Na kiti?"

"Kiti na meza. Kiti hufuata cheo."

Nilitoka pale nikiwa sioni sakafu. Nilimwambia mke wangu jioni ile, na kesho yake nikawaambia majirani, na Jumapili nikamtumia salamu baba mkwe wangu ng'ambo ya kivuko cha Kamanga, kwamba mkwe wake anapewa kiti na meza serikalini. Nilikuwa na sababu. Yule mzee, fundi wa vinu na vigoda, hakuwahi kuniheshimu. Siku ya posa aliniuliza kazi yangu, nikamwambia niko ofisini. Akauliza, "Unakaa wapi humo?" Nikamwambia kwenye benchi. Akasema, "Basi hauko ofisini. Uko mlangoni." Binti alinipa, lakini neno lile lilibaki kama mwiba wa samaki kooni.

Mke wangu hakufurahi kama nilivyotegemea. "Baba watoto," akasema, "kiti umekiona?"

"Kinakuja."

"Si ungengoja kije ndiyo umwambie baba?"

Wanawake wana namna yao ya kuona mbele, na ni namna ya kuudhi.

Ikaja barua kwamba kabla ya kutupa watu, Dar es Salaam itamtuma afisa kuja kupima kazi yetu. Atakaa siku mbili, atatazama, atahesabu, na yeye ndiye atakayesema tunahitaji wangapi. Bwana Mkubwa akatukusanya, akatoa hotuba kama ya mkutano wa hadhara ingawa tulikuwa wawili tu.

"Hatutadanganya," akasema. "Sisi ni wakaguzi. Masanduku yasisogezwe, vumbi lisifutwe, kila kitu aone kilivyo. Lakini wewe," akaninyooshea kidole, "usikimbie."

"Mimi huwa sikimbii. Natembea."

"Basi usitembee hivyo. Mtu akikuona anadhani ofisi haina shida. Jalada likiagizwa, lichukue muda ambao lingemchukua mtu wa kawaida."

"Mimi si mtu wa kawaida, Bwana Mkubwa."

Karani mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Huo ndio ugonjwa wenyewe," akasema.

Wakaanza kunifundisha. Najua itaonekana kichekesho, lakini kila siku baada ya chai Bwana Mkubwa aliketi na saa yake ya mkononi, akasema, "Lete pamba, Musoma," na mimi nilitakiwa nisirudi mpaka dakika kumi. Dakika kumi! Nilijaribu. Nilisimama dirishani nikahesabu mitumbwi. Nilitoa jalada, nikalirudisha, nikalitoa tena. Nikirudi, karani mzee anauliza, "Ngapi?" na Bwana Mkubwa anajibu kwa huzuni, "Moja na nusu."

"Mfunge mawe miguuni," akasema mzee.

Nikaamua kujizoeza nyumbani. Mke wangu akinituma chumvi duka la jirani, nilikwenda hatua moja, nikapumzika, nikaenda nyingine. Siku ya tatu alinitazama kutoka mlangoni, akaja mbio akanishika paji la uso. "Una homa? Au ni mgongo, ile pamba ya zamani?" Jirani mmoja alishatoka na dawa ya mizizi, nikainywa kwa sababu sikuweza kueleza. Ilikuwa chungu kama shubiri. Hayo yote niliyavumilia kwa ajili ya kiti.

Afisa akafika kwa treni. Nilitegemea mtu mzima wa kutisha. Akaja kijana mwembamba, ametoka masomoni Ulaya juzi juzi, suti nzito, jasho linamtoka kama chupa iliyotolewa kwenye barafu. Alikuwa na adabu nzuri. Alimwamkia karani mzee shikamoo, akaniamkia na mimi, nikaitikia marahaba, nikaona huyu ni mtoto wa watu. Mkononi alikuwa na saa maalumu ya kupima mbio, ya kubonyeza.

Siku ya kwanza alihesabu masanduku. Alimtazama karani mzee akitia alama za kijani, akabonyeza saa yake, akaandika. Alikwaruzwa na Shinyanga, suruali ikachanika kidogo, akaandika na hilo. Bwana Mkubwa alipita nyuma yangu akaninong'oneza, "Mambo mazuri. Kesho ni zamu yako. Kumbuka."

Nilikumbuka. Kesho yake tukaingia masjala sote wanne. Afisa akasema kwa upole, "Naomba jalada la hospitali, Ukerewe." Akabonyeza.

Jamani, nilikuwa tayari. Niliitazama dari. Nilikuna kichwa. Nikaenda Maswa, ambako sikuwa na shughuli, nikapekua, nikasikitika, nikarudi Musoma, nikapiga mluzi mdogo wa mtu aliyepotea. Nikavuka Busisi nikaenda Geita nikatulia kule kama mtu anayesubiri kivuko. Mwisho nikafika dirishani, nikatoa jalada, nikalifuta vumbi, nikalisoma jina, mimi ambaye kusoma jina kulihitaji muda kweli. Nikamkabidhi. Dakika kumi na mbili. Bwana Mkubwa alikuwa anatazama nje ili uso wake usionekane.

Afisa akaandika. Akaagiza la pili, la magereza ya Bukoba. Dakika kumi na moja. Karani mzee alinikonyeza. Nikaona kiti changu kinakuja chenyewe kutoka bohari, miguu minne, kinatembea.

Yule kijana angefunga daftari pale pale, leo hii mimi ningekuwa karani mstaafu mwenye pensheni ndogo na kikohozi. Lakini alikuwa mtu wa huruma, na huruma ndiyo iliyoniharibia. Alimgeukia Bwana Mkubwa akasema taratibu, kama vile sisikii, "Simlaumu. Huwezi kumtegemea mtu asiye na shule. Kule kwetu makao makuu tunaye tarishi mmoja hodari sana, jalada anakuletea kwa dakika mbili. Lakini yule amefika darasa la nane."

Nikasikia masikio yangu yanapata moto.

"Dakika ngapi?" nikauliza.

"Mbili," akasema kwa fahari, kana kwamba ni mwanawe.

Bwana Mkubwa akakohoa. Karani mzee akaangusha boksi zima la penseli za kijani sakafuni, na mpaka leo naamini alifanya kusudi. Mimi sikusikia kikohozi, sikuona penseli. Nilikuwa namwona yule tarishi wa Dar es Salaam, wa darasa la nane, na dakika zake mbili.

"Bwana," nikamwambia afisa, "bonyeza saa yako."

"Jalada gani?"

"Lolote. Taja wewe. Taja mawili. Taja huku umenifunga macho."

"Haina haja," akasema Bwana Mkubwa, "ana kazi za kufanya."

Lakini kijana alikuwa ameshatoa leso yake kubwa nyeupe, macho yanang'aa. Nikafungwa. Akasema, "Pamba, Kwimba." Nilinyoosha mkono nyuma, usawa wa bega, nikampa. "Shule, Musoma." Juu, kulia, nikampa. "Magereza, Geita." Nikavuka Busisi kwa hatua mbili, nikainama, nikarudi. Alitaja saba. Saba nikampa, na la mwisho, la hospitali ya Bukoba, lilikuwa mkononi mwangu kabla hajamaliza kusema Bukoba. Alipobonyeza saa mara ya mwisho alikuwa anahema kuliko mimi.

"Dakika ngapi?" nikauliza, leso ingali usoni.

"Moja," akasema, "na kidogo. Yote saba!"

"Basi msalimie yule wa darasa la nane."

Nikavua leso. Kijana alikuwa anapiga makofi. Karani mzee amepiga magoti, anaokota penseli, mabega yanatikisika. Bwana Mkubwa alikuwa amesimama dirishani, Ukerewe, amenipa mgongo. Hapo ndipo nilipokumbuka kiti.

Barua ilichelewa kuja. Ilifika baada ya bendera mpya kupandishwa, bado watu wana sauti za kukauka kwa kuimba. Bwana Mkubwa alituita akatusomea akiwa amesimama. Ilisema ofisi imeonekana kuwa na kazi nyingi, lakini pia na utaratibu wa ajabu wa majalada. Kwa hiyo kwa sasa haitaongezewa mtu. Nafasi ya karani wa masjala imefutwa kabisa, kwa kuwa tarishi aliyepo anatosha na kuzidi. Mwisho ilisema: tarishi apewe pongezi.

Akaikunja barua. "Nakupa pongezi," akasema. Akaninyooshea mkono, nikaushika.

"Nimekosa, Bwana Mkubwa."

Nilitegemea matusi. Akasema, "Saba kwa dakika moja. Kusema kweli, hata mimi nilitaka kupiga makofi." Kisha akaingia chumbani kwake kuyakabili masanduku, na siku hiyo hakutoka hata kunywa chai.

Karani mzee aliniwekea mkono begani. "Mimi niko hapa miaka yote hii," akasema, "nimeona watu wakipunguzwa kwa uvivu, kwa ulevi, kwa kugombana na wakubwa. Wewe ni wa kwanza kujifuta cheo kwa mbio."

Ningalivumilia hayo. Lakini salamu zangu za ng'ambo ya Kamanga zilikuwa zimeshafika, na haukupita mwezi baba mkwe akavuka. Hakuja nyumbani. Alikuja ofisini moja kwa moja, kanzu safi, fimbo mkononi, akanikuta kwenye benchi katikati ya watu wawili wenye malalamiko.

Niliruka nikasimama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kukiona kiti."

Kwetu mkwe hamdanganyi baba wa mkewe, na hata ningetaka, kiti si kitu cha kudanganyia. Ama kipo ama hakipo. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, macho chini, kuanzia dakika kumi hadi leso. Sikuacha kitu, hata dawa ya mizizi. Wale wenye malalamiko wakasahau malalamiko yao. Nilipomaliza, mzee alikaa kwenye benchi, mahali pangu. Benchi likayumba kwa ule mguu mfupi. Akainama akautazama.

"Nani alitengeneza hili?"

"Serikali, baba."

"Serikali haijui mbao." Akaligonga kwa fimbo. "Kwa hiyo wewe, mtu unayeweza kufanya ziwa zima ndani ya chumba, umekaa miaka kwenye mguu mfupi ukingoja uletewe kiti."

Lile lilikuwa karipio, lakini kwa mara ya kwanza lilikuwa na sifa ndani yake, nami sifa naisikia hata ikiwa chini ya blanketi.

"Hizo mbao je?" akauliza, akionyesha mabaki ya masanduku pembeni ya jiko.

"Hizo taka. Tunachemshia chai."

Alikaa kwangu wiki mbili. Kila jioni nilikuja na mbao chache, akanionyesha uani kuchonga ulimi na kuutia kwenye tundu lake bila msumari, kupima kwa kidole, kusikiliza mbao inasema nini ukiigonga. Alinitukana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Alipoondoka nilikuwa na kiti. Mgongo ulinyooka, mikono ya kuegemea, na nyuma yake, kwa kuwa ilikuwa mbao ya sanduku, palisomeka kwa rangi nyeusi: MUSOMA.

Jumatatu nikakibeba kichwani mpaka ofisini, nikakiweka masjala, karibu na dirisha, nikakaa. Karani mzee alikuja akakizunguka, akakikalia, akashuka, akasema, "Kuliko changu." Watu wa ofisi za jirani walikuja kutazama. Kwa siku nne nilikuwa karani wa masjala bila barua.

Siku ya tano Bwana Mkubwa aliingia na orodha ya mali za ofisi. Kila mwaka ilibidi ihakikiwe: meza hii, kabati hili, birika. Alisoma, akatia alama ya kijani, akasoma, akatia. Akanifikia. Akatazama orodha, akatazama kiti, akatazama orodha.

"Hiki hakimo," akasema.

"Ni changu, Bwana Mkubwa."

"Kilichomo ndani ya ofisi ya serikali ni cha serikali, au kina kibali cha kuwemo. Nikikiandika, kinakuwa cha serikali, na kiti cha serikali hufuata cheo, na cheo chako hakina kiti. Kitakwenda bohari."

"Basi usikiandike."

"Nisipokiandika, nimeficha mali. Na mbao ulitoa wapi?"

"Masanduku. Zile za kuchemshia chai."

Akakaa juu ya sanduku la Maswa, akavua kofia. Nilimwonea huruma, naapa. Mtu amekagua wilaya zote za ziwa, leo hoja ya ukaguzi imemkalia ndani ya nyumba yake. "Unaona shida yangu," akasema. "Tulipozichoma zilikuwa taka. Ulipozifanya kiti zimekuwa mali."

Akaiandika hoja. Aliiandika yeye kama mkaguzi, akajipelekea yeye kama mkuu wa ofisi, kwa bahasha, kupitia kwangu tarishi. Niliibeba kutoka meza yake nikaizungusha mlangoni nikaileta meza yake. Jibu nililitoa mimi: nitalipa thamani ya kuni na kukiondoa kiti. Thamani ya kuni ilipigiwa hesabu na karani mzee. Ilikuwa senti za kununulia karanga. Alinipa risiti kwa mikono miwili, kama anayempa mtu cheti cha shule.

Saa sita mchana nikatoka na kiti changu kichwani, MUSOMA imetazama nyuma. Niliona aibu mpaka kona ya kwanza. Hapo mwenye duka la vitambaa, mtu wa familia za Kiarabu za siku nyingi, akatoka mlangoni akaniita.

"Ndugu, unakipeleka wapi?"

"Nyumbani. Kimefukuzwa kazi."

Akakishika, akakitikisa, kisiyumbe. Akakaa, akaegemea, akafumba macho. "Nipe hiki," akasema akiwa bado amefumba. "Na vingine vitano kama hiki. Bila Musoma."

Niliacha utarishi mwezi ule. Sikufukuzwa, niseme hivyo wazi, maana wapo wanaosema nilifukuzwa. Niliagana nao vizuri. Lakini jalada la kwanza waliloagizwa baada ya mimi kuondoka liliwachukua siku tatu, na hapo karani mzee akaandika Dar es Salaam kwa mkono wake mwenyewe: siku tatu, jalada moja. Kabla ya mwaka kwisha wakapewa watu wanne.

Bwana Mkubwa alikuja karakanani mwenyewe kuagiza viti. Vinne. Nilimkaribisha akae, akakaa, akasita kidogo akatazama chini ya kiti kama anatafuta namba ya orodha. Nikampa bei. Akasema ni kubwa. Nikamwambia ina pongezi ndani yake.

Nilivipeleka kwa toroli, lile lile la bohari. Karani mpya wa masjala, kijana wa darasa la nane, alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, jasho linamtoka. Nilimwekea kiti chake mahali nilipokuwa nimekiweka changu. Akaniuliza, "Mzee, samahani, watu wanasema wewe unajua. Hospitali ya Ukerewe iko wapi?"

"Umekikalia kiti?" nikamuuliza.

"Bado."

"Kikalie kwanza."

Akakaa. Nikamwambia atazame mbele yake, dirishani, maji yanakoanzia, halafu ateremshe mkono mpaka usawa wa kitanda.